Mwalimu wa BTP na chama cha walimu: mwongozo kamili wa kupata msaada ukiwa Mtwara au Lindi

Kila msimu wa BTP (Block Teaching Practice, yaani mazoezi ya kufundisha ya mwanachuo wa ualimu) yanajirudia yale yale. Mwalimu mwanafunzi anapata shida shuleni, anakaa nayo kimya wiki kadhaa, na inapomfika shingoni anapanda bodaboda mpaka ofisi ya chama cha walimu wilayani. Anaeleza kwa uchungu. Anarudi na jibu moja: "Wewe bado si mwanachama, rudi chuoni kwako." Jioni anaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba chama hakina maana.

Chama kinaweza kumsaidia mwalimu wa BTP, tena sana. Ila kinamsaidia aliyefika mapema, mwenye karatasi mkononi, na anayejua anaomba nini. Mwongozo huu unakuchukua tangu unapofunga begi chuoni mpaka siku unapojaza fomu ya uanachama. Nimewafikiria walioko vyuo vya ualimu vya Kitangali, Nachingwea, Mtwara Kawaida na Mtwara Ufundi, pamoja na wale wa shahada wa chuo cha Stella Maris, lakini yeyote anayepangwa kuja kufundisha kusini atautumia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Kusanya hivi ukiwa bado chuoni, ambako mashine ya kutoa nakala iko karibu. Ukishafika kijijini Liwale au Nanyumbu, nakala moja inaweza kukugharimu nauli ya siku nzima.

- Barua ya utambulisho kutoka chuoni, nakala nne: ya halmashauri, ya shule, ya mwakilishi wa chama, na yako.
- Mwongozo wa BTP wa chuo chako. Wengi hawausomi. Humo ndimo ilimoandikwa idadi ya vipindi unavyotakiwa kufundisha, na hiyo ndiyo silaha yako kubwa.
- Nakala ya fomu ya tathmini ambayo mkufunzi ataitumia kukupa alama.
- Kitambulisho cha chuo, na kadi ya bima ya afya kama unayo.
- Namba ya simu ya mratibu wa BTP, iliyoandikwa kwenye karatasi. Simu huibwa, na simu huzimika.
- Kaunta buku moja la kuandikia matukio, tofauti na la maandalio ya masomo.
- Karatasi nyeupe, bahasha chache na faili la kuhifadhia.

Mfano wa faili lililokamilika: mtu akikuamsha usiku akakuuliza chuo kimekupangia masomo gani, madarasa gani na vipindi vingapi kwa wiki, unatoa karatasi bila kutafuta.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Ada ya chama hukatwa kwenye mshahara, na kwa CWT (Chama cha Walimu Tanzania) ni asilimia 2. Wewe huna mshahara wala barua ya ajira. Ukiwa BTP bado ni mwanachuo, na nidhamu yako iko chini ya chuo.

Hili linabadilisha mambo mengi. Wengi hukimbilia Tume ya Utumishi wa Walimu, ile TSC, wakidhani ndipo malalamiko ya walimu yanakopelekwa. Tume inashughulika na walimu walioajiriwa. Jambo lako litaamuliwa chuoni, na kwa hiyo kila karatasi utakayoandika ielekezwe huko.

Sasa chama kinakupa nini? Kinakupa ushauri wa mtu anayejua kanuni. Kinakupa mwalimu wa kukaa nawe unapozungumza na mkuu wa shule. Kinakupa mtu mzima wa kupiga simu na kusikilizwa. Na kinakupa shahidi. Usichoweza kukidai ni wakili, fedha, au kutetewa kama mwanachama aliyelipa ada. Ukiingia ofisini ukidai hayo, mazungumzo yanaisha kabla hayajaanza.

Vyama viko zaidi ya kimoja. CWT ndicho kikubwa na ndicho utakachokikuta karibu kila shule. Kipo pia CHAKUHAWATA, Chama cha Kulinda na Kutetea Haki za Walimu Tanzania. Ukiwa BTP usiingie katika mabishano ya walimu kuhusu chama kipi ni bora. Tafuta mwalimu mwenye busara wa chama kilichopo shuleni kwako.

Hatua ya 2: Pitia makao makuu ya wilaya, na uingie ofisi ya chama siku hiyo hiyo

Barua yako inakupeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa afisa elimu, kisha shuleni. Usiruke ngazi. Mwalimu aliyekwenda moja kwa moja shuleni kwa sababu anamfahamu mkuu anakuwa mgeni asiyejulikana na halmashauri, na siku ya shida hakuna faili lenye jina lake.

Siku hiyo hiyo, ukiwa bado Masasi, Newala, Ruangwa au Kilwa Masoko, ulizia ofisi ya chama cha walimu ya wilaya. Sababu ni ya nauli tu. Kurudi mjini ukitokea vijiji vya ndani ni gharama, na mvua za kusini zikishaanza kuchanganya, kati ya Desemba na Aprili, kuna barabara ambazo hata bodaboda anakataa.

Ukifika, mwamkie katibu, jitambulishe, acha nakala ya barua. Maneno hayahitaji kuwa mengi:

"Shikamoo mzee. Mimi ni mwanachuo wa ualimu, nimepangiwa BTP shule ya msingi fulani. Sijaja na shida. Nimekuja kujitambulisha, na ninaomba nifahamu mwakilishi wa chama shuleni pale ni nani, nijifunze kwake."

Katibu ambaye ulimsalimia ukiwa huna shida atapokea simu yako ukiwa nayo. Hilo nimeliona likifanya kazi kuliko barua yoyote ya malalamiko.

Dalili kwamba hatua hii imekwenda sawa: una jina la mwakilishi, una namba ya ofisi, na nakala yako ya barua imegongwa mhuri wa halmashauri.

Hatua ya 3: Wiki ya kwanza shuleni

Anza kwa mwenye shule. Kwa shule ya msingi ni mwalimu mkuu, kwa sekondari ni mkuu wa shule. Usimtafute mwakilishi wa chama kabla hujamsalimia yeye, maana utaonekana umekuja na vita.

Mwombe akupangie mwalimu mlezi wa somo lako. Huyu ni muhimu kuliko wote. Mwalimu wa BTP anatakiwa kufundisha akiwa na mtu anayemwangalia, anayepitia azimio la kazi na andalio la somo, na anayemwambia alipokosea. Katika shule zenye walimu wachache, na huku kusini ziko nyingi, mwalimu wa BTP anapokelewa kama jibu la dua. Anakabidhiwa darasa zima siku ya pili, na mwenye somo haonekani tena. Mapokezi hayo yana upendo ndani yake, lakini yanakunyima mafunzo, na mkufunzi akija kukutathmini atakupa alama zako wewe, siyo za upungufu wa walimu.

Kwa hiyo kaa na mkuu na mwalimu mlezi, fungueni mwongozo wa chuo, andikeni ratiba yako. Omba isainiwe. Sema kwa upole: "Mkuu, chuo wanaihitaji kwenye faili langu." Kweli wanaihitaji.

Baada ya hapo ndipo umfuate mwakilishi wa chama. Sheria inaruhusu hata mahali pa kazi penye wanachama wachache kabisa pawe na mwakilishi mmoja, kwa hiyo usidhani shule ndogo haina. Muulize mambo ya kawaida kwanza: chumba salama kiko wapi, maji yanapatikana wapi, duka gani linakopesha. Ukiwa juu ya uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, ulizia maji kabla ya kuulizia kodi. Chumba cha bei nafuu kisicho na maji kitakula fedha zako zote kwa kununua madumu. Mwakilishi anajua haya yote, na kwa kumuuliza haya madogo unajenga njia ya kumuuliza makubwa.

Dada zangu, ulizeni pia ni nani anayeshughulikia walimu wanawake. CWT ina kitengo cha walimu wanawake, na kuna mambo ni rahisi kumwambia mama kuliko katibu.

Tahadhari: wiki hiyo ya kwanza sikiliza zaidi ya unavyosema. Ofisi ya walimu ina makundi yake. Ukijiunga na kundi moja siku ya tatu, kundi la pili litakuwa mashahidi dhidi yako siku ya arobaini.

Hatua ya 4: Daftari la matukio

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na ndipo msaada wote wa chama unaposimama au kuanguka. Mwakilishi mwenye moyo mzuri kuliko wote hawezi kufanya chochote kwa maneno "wananionea". Mkuu atauliza: lini? Nani? Alisema nini? Ukikosa jibu, umekuwa mlalamikaji.

Kila jioni andika mistari mitano. Hata siku ambayo hakuna kilichotokea, andika vipindi ulivyofundisha. Daftari lenye siku za ugomvi peke yake linaonekana limetungwa. Daftari lenye kila siku linaaminika.

Andika tarehe, saa, mahali, nani alisema nini, nani alikuwepo, na wewe ulijibu nini. Acha hasira nje. Tazama tofauti.

Namna isiyofaa: "Leo mkuu msaidizi kanionea tena, ana roho mbaya, ananitumikisha."

Namna inayofaa: "Jumanne, saa 2:40 asubuhi, ofisi ya walimu. Mkuu msaidizi ameniambia nichukue vipindi vya Hisabati darasa la tano na la sita mpaka mwisho wa mwezi. Nimemweleza kuwa chuo kimenipangia Sayansi, nikamwonesha ratiba iliyosainiwa. Amesema nifanye hivyo kwanza. Mwalimu wa zamu alikuwepo. Nimefundisha kipindi kimoja cha darasa la tano, mada ya sehemu."

Mfano wa pili hauna tusi hata moja, na unaweza kusomwa mbele ya mtu yeyote, pamoja na huyo mkuu msaidizi mwenyewe. Andika kwa kipimo hicho: je, ningesimama mbele yake nikausoma mstari huu?

Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili kilichokosewa kionekane. Usiruke kurasa. Usiliache daftari shuleni. Picha za kurasa zitume kwa ndugu unayemwamini, siyo kwenye kundi.

Tahadhari ya makundi naiweka hapa kwa sababu imewaharibia wengi. Kuandika jina la mtu na tuhuma kwenye WhatsApp au Facebook, hata kama ni kweli, kunakugeuza kutoka mlalamikaji kuwa mlalamikiwa. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mtu aliyechafuliwa jina anajua pa kwenda. Picha za wanafunzi nazo usizirushe, hata zile za kufurahi nao uwanjani.

Hatua ya 5: Mambo ambayo chama hakiwezi kukuokoa

Yako mambo ukiyagusa, hakuna mwakilishi wala katibu atakayekutoa. Lazima uyajue kabla ya kuingia darasani.

La kwanza ni viboko. Waraka wa Elimu Namba 24 wa mwaka 2002 unasema anayetoa adhabu hiyo ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyekabidhiwa na mkuu kwa maandishi. Viboko havizidi vinne. Msichana hupigwa mkononi, tena na mwalimu wa kike kama yupo. Adhabu inaandikwa kwenye daftari maalumu na kusainiwa. Soma tena: kwa maandishi. Wewe wa BTP huna maandishi hayo. Mwalimu akikurushia fimbo na kusema "wanyooshe hao", hajakukabidhi kitu.

Mwezi Oktoba 2016, walimu waliokuwa kwenye mazoezi katika sekondari moja ya Mbeya walionekana kwenye video wakimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu. Video ilienea nchi nzima ndani ya saa chache. Walifukuzwa vyuoni. Walikuwa wanachuo wenzenu, wenye wazazi waliouza mazao kuwasomesha.

Ukiambiwa upige, jibu lipo na halina jeuri: "Mwalimu, chuo wametukataza kabisa, nitaharibu tathmini yangu. Naomba nimlete kwako." Jioni andika kwenye daftari. Ukiendelea kushinikizwa, mwambie mwakilishi azungumze, kwa sababu yeye anaweza kusema ofisini jambo ambalo kwako wewe mgeni ni zito.

La pili ni mahusiano na wanafunzi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa ujauzito mwanafunzi wa msingi au sekondari. Usipokee mwanafunzi chumbani kwako, hata wa kuleta maji, hata akiwa na mwenzake. Umri wako na wao umekaribiana mno, hasa sekondari, na kijiji kinaangalia. Huku kwetu binti aliyetoka unyagoni anaweza kuonekana amekuwa mkubwa machoni pa jirani. Mbele ya sheria, na mbele yako, ni mwanafunzi.

La tatu ni fedha. Usikusanye mchango wowote wa wanafunzi kwa niaba ya mtu, hata wa karatasi za jaribio, kama huna maelekezo ya maandishi na stakabadhi.

Hatua ya 6: Shida imetokea. Nani aanze kujua?

Kwa mambo ya kawaida panda ngazi: mwalimu mlezi, kisha mkuu wa shule, kisha mratibu wa BTP chuoni. Mambo ya kawaida ni kama kuzidishiwa vipindi, kupewa zamu ya wiki nzima peke yako, kukosa vitabu, au kutumwa kazi zisizo za shule. Hili la mwisho linakuja sana msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba. Mwalimu wa BTP anaombwa akasaidie kuokota korosho shambani kwa mtu jumamosi, na kwa kuwa ni heshima, anakwenda. Kwenda mara moja kwa hiari yako ni ujirani mwema. Ukiambiwa uende Jumatatu saa za vipindi, au uwapeleke wanafunzi, hapo ni jambo la kuandikwa.

Mwakilishi wa chama anaingia kati ya ngazi ya kwanza na ya pili. Kabla hujaenda kwa mkuu, mwonyeshe daftari. Muulize maswali mawili: "Kanuni inasemaje?" na "Utakaa nami nikizungumza naye?" Usimwombe aende badala yako. Ukimtuma, mkuu atasikia kwamba umepeleka mashtaka. Ukikaa naye, mkuu ataona kijana anayeongozwa na mkubwa wake.

Mazungumzo mengi huishia hapo, na huishia vizuri. Wakuu wengi wanabeba shule kwa mikono miwili na hawakukusudia kukuumiza. Wakipewa ratiba na mwongozo, wanarekebisha.

Kuna mambo ambayo hayapandi ngazi. Mtu akitaka mwili wako ili akupe alama, akusainie fomu au akupunguzie kazi, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usianze na mwalimu mlezi wala mkuu. Piga TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Hifadhi ujumbe wake wote bila kufuta hata ule wa salamu, kwa sababu mtiririko ndio unaoonyesha nia. Usikubali kukutana naye "umtege" kwa mpango wako mwenyewe. TAKUKURU wana namna yao. Kisha mwambie mwalimu mwanamke wa chama unayemwamini, ili usilale peke yako na jambo hilo. Kwa kijana wa kiume anayesumbuliwa njia ni hiyo hiyo.

Ukiona mtoto anaumizwa, iwe shuleni au nyumbani, namba ni 116, huduma ya simu kwa mtoto, nayo ni bure. Ukiumwa au ukipata ajali, hospitali kwanza, mratibu pili, karatasi ya daktari kwenye faili.

Hatua ya 7: Barua

Mazungumzo yakishindikana, andika. Barua iwe ya ukurasa mmoja, jambo moja. Ukiweka malalamiko sita, msomaji atajibu lile dogo na kuacha makubwa.

Inapita kwa mkuu wa shule, ndiyo maana ya "K.K." (kupitia kwa) utakayoiona kwenye mfano hapa chini. Ukiruka hapo, barua itarudishwa na muda umekwenda. Isipokuwa kama anayelalamikiwa ni mkuu mwenyewe: hapo inakwenda chuoni moja kwa moja, na useme kwa nini.

Mfano:

Shule ya Msingi ……,
S.L.P. ……,
Tarehe ……

Mratibu wa BTP,
Chuo cha Ualimu ……

K.K. Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ……

YAH: KUPANGIWA VIPINDI NJE YA MASOMO YANGU YA BTP

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachuo mwenye namba ya usajili ……, niliyepangiwa kufundisha Sayansi darasa la tano na la sita. Tangu tarehe …… nimekuwa nikifundisha pia vipindi vya Hisabati vya madarasa hayo, na kwa sababu hiyo vipindi vyangu vya Sayansi vimepungua kama inavyoonekana kwenye ratiba niliyoambatanisha.

Tarehe …… nilizungumza na uongozi wa shule, mwakilishi wa chama cha walimu akiwepo. Nashukuru kwa kunisikiliza, lakini hali bado haijabadilika.

Ninaomba mwongozo wako kuhusu vipindi ninavyopaswa kufundisha ili nikamilishe tathmini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(saini, jina)

Nakala: Katibu wa Chama cha Walimu, Wilaya ya ……

Angalia kwamba barua haimlaumu mtu. Inasema nini kimetokea, lini, na unaomba nini. Neno "ninaomba mwongozo" lina nguvu kuliko "ninalalamika", kwa sababu linamlazimu mratibu ajibu.

Toa nakala mbili. Unapoikabidhi, omba apokeaye asaini na kuweka tarehe kwenye nakala yako. Akikataa kusaini, usibishane. Andika kwenye daftari siku na saa uliyompa, na nani alikuwepo. Picha ya barua mtumie mratibu siku hiyo.

Hatua ya 8: Kwenda ofisi ya chama wilayani

Nenda ukiwa umepiga simu kwanza. Makatibu wanazunguka shuleni, na hakuna kinachouma kama kutoka vijiji vya ndani vya Nanyumbu ukute mlango umefungwa. Omba ruhusa ya maandishi shuleni, maana kuondoka bila ruhusa kutakuwa kosa litakaloandikwa kabla ya lako.

Beba faili lote: mwongozo, ratiba iliyosainiwa, daftari, nakala ya barua. Ukiweza, nenda na mwakilishi wa shule au upate kijikaratasi kutoka kwake.

Eleza kwa dakika tano, halafu omba kitu kimoja kinachowezekana. Kwa mfano: "Naomba umpigie mratibu wangu umthibitishie kwamba barua hii imefika," au "Naomba uzungumze na afisa elimu kata, nihamishiwe shule jirani kabla mkufunzi hajaja." Haya katibu anaweza kuyafanya akiwa ameketi pale pale, mbele yako. Ukisema "naomba msaada" peke yake, atakupa pole, na pole utarudi nayo.

Ukiambiwa wewe si mwanachama, usikasirike. Jibu: "Ni kweli mzee, sijaajiriwa. Nimekuja kwa ushauri, na barua yangu ya utambulisho niliileta hapa nilipofika." Hapo ndipo ile safari ya Hatua ya 2 inapolipa.

Kwa mgogoro wa alama, usitarajie chama kibadilishe. Alama ni za chuo. Chama kinaweza kuthibitisha mazingira: kwamba siku ya tathmini darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko kawaida, au ulihamishiwa somo jana yake. Rufaa yenyewe unaandika wewe, mapema, ukiambatanisha nakala ya fomu na kurasa za daftari.

Utajua umefanikiwa ukitoka na jina la mtu aliyeahidi kufanya jambo fulani, na siku atakayolifanya. Liandike kabla hujapanda gari.

Hatua ya 9: Siku ya kuondoka, na siku ya ajira

BTP ikiisha, hakikisha fomu zote zimesainiwa na kugongwa mhuri kabla ya kuaga. Waliorudi vijijini kufuata mhuri mmoja wanajua gharama yake. Muage mwakilishi, na umpe namba yako.

Ukiajiriwa, utakutana na fomu inayoitwa TUF.6. Hiyo ndiyo inayomruhusu mwajiri kukata ada yako na kuipeleka kwa chama. Soma jina la chama lililoandikwa juu yake kabla ya kusaini. Kujiunga ni hiari. Na ukitaka kujitoa, unatoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama.

Kuna jambo linalowachanganya waajiriwa wapya. Sheria inaruhusu chama chenye wanachama wengi kukubaliana na mwajiri ili hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, kwa kuwa naye ananufaika na majadiliano ya chama. Kwa hiyo unaweza kuona makato kwenye hati ya mshahara bila kuwahi kusaini chochote, ukadhani umeshakuwa mwanachama. Siku ukihitaji kutetewa, ndipo unaambiwa jina lako halimo. Uliza mapema: je, ninakatwa ada ya uanachama au ada ya uwakala? Kama unataka utetezi wa mwanachama, jaza fomu, toa nakala, na umkabidhi mwakilishi.

Kagua hati yako ya mshahara ya mwezi wa kwanza mstari kwa mstari. Kama ulisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, utaona makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa ajili ya Bodi ya Mikopo. Hayo hayahusiani na chama. Ada ya chama inakaa kwenye mstari wake, na jina la chama limeandikwa. Likiwa jina la chama usichokichagua, peleka nakala ya TUF.6 uliyosaini kwa afisa utumishi wa halmashauri kabla mshahara wa pili haujaandaliwa.